Somo: Kuchagua SDR ya masafa mafupi ukiwa umezungukwa na minara ya FM

Wakuu, kila wiki mtu ananiuliza SDR (redio ya kuchomeka kwenye kompyuta, ambapo programu ndiyo inayochambua mawimbi) ipi "inavuta" zaidi. Kwa sisi wa Dodoma mjini swali hilo limekaa kombo. Hapa redio haishindwi kuvuta, inavuta mpaka inavimbiwa. Nilipoanza nilifunga waya wa mita 30 kutoka dirishani hadi kwenye mwarobaini, nikachomeka kidude cha bei chee, nikanasa kitu kwenye 6.4 MHz: muziki na mtangazaji vimesagika pamoja kama vimetoka kinuni. Siku mbili nzima niliamini nimegundua kituo kipya.

Hatua ya 1: Mjue anayekuonea. Vituo viwili vyenye nguvu, tuseme 92.0 na 98.4 MHz, vikiingia kwenye redio iliyozidiwa huzaa tofauti yao, yaani 6.4. Bendi ya FM ni 88 hadi 108, kwa hiyo watoto wa namna hii wote huangukia chini ya 20 MHz, ndani ya shamba letu la masafa mafupi kabisa. Mimi nawaita mizimu. Kuwapima ni rahisi: weka kipunguza mawimbi cha desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi) kati ya antena na redio. Kituo halisi kitashuka 10. Mzimu wa aina hii utashuka kama 20, pengine 30 au ukapotea kabisa. Fanya kipimo hiki kabla hujatoa hata shilingi.

Hatua ya 2: Tazama mlango wa redio, usihesabu biti tu. Biti zinaonyesha redio inapima mawimbi kwa undani kiasi gani. Ni kweli biti 8 zinakupa nafasi ya desibeli 50 hivi kati ya kikubwa na kidogo, na biti 14 kama 86. Lakini biti ziko sebuleni; fujo ikianzia mlangoni hazikuokoi.

RTL-SDR Blog V3 husoma masafa mafupi moja kwa moja kwa kasi ya 28.8 MHz, hivyo kilichoko 18 MHz kinaweza kujitokeza pia 10.8 (28.8 toa 18). V4, ndugu yake mpya, ina kigeuza masafa ndani (huyapandisha juu kabla ya kuyasoma), balaa hilo limeisha, ila bado ni biti 8. SDRplay RSP1B ina biti 14, na filta za kukata FM na masafa ya kati (AM) zimo ndani, unaziwasha kwenye programu. Airspy HF+ Discovery hujibadilishia filta yenyewe kadiri unavyohama bendi. Kama shabaha yako ni masafa mafupi tu, mimi nachukua hiyo ya mwisho bila kupepesa. Mfuko ukiwa mwepesi, chukua V4 na hatua inayofuata usiiruke.

Hatua ya 3: Filta ya nje inayopitisha chini ya 30 MHz tu, ikae karibu kabisa na redio. Kama jirani yako ni mnara wa masafa ya kati, ongeza nyingine inayoanzia 2.6 MHz hivi.

Hatua ya 4: Antena ndogo. Kitanzi cha kipenyo cha mita moja, unakizungusha mpaka msumbufu anyamaze. Waya mrefu mjini ni kumkaribisha mwizi ndani na kumwandalia chai.

Hatua ya 5: Zima geini ya kujiendesha (ile redio inayojikuzia mawimbi yenyewe), uipandishe kwa mkono. Panda taratibu, ukiona kelele inainuka ukichomeka antena na kushuka ukiichomoa, simama hapo hapo.

MASWALI

Mdau wa Nkuhungu: Mkuu, nimefanya kipimo, kila kitu kimeshuka 10, na zile kelele pia. Ina maana redio yangu mbovu?
– Hapana ndugu, redio iko salama. Kelele hizo ni za kweli, zinazaliwa nyumbani. Washa kompyuta kwa betri, kisha zima swichi kuu. Zikibaki, nenda kwenye inveta ya sola, halafu zungumza na jirani kuhusu taa zake.

Mdau wa Kondoa: Shikamoo mwalimu. Sisi huku kijijini minara iko mbali, nazo filta ni lazima?
– Marahaba. Si lazima. V4 na waya mrefu juu ya miti vinakutosha. Huku mjini tunakuonea wivu.

Mdada wa Kisasa: Simu inafaa? Laptop sina.
– Inafaa dada, kwa waya wa OTG (unaounganisha kifaa cha USB na simu). Programu ya SDR++ ya Android inaendesha Airspy HF+ bila shida. Ila redio inakula chaji ya simu, usitegemee kumaliza usiku.

Mdau wa Kizota: Waya wa dishi nilionao ni wa omu 75, redio inataka 50. Nitupe?
– Usitupe. Kwa masafa haya upotevu hausikiki hata kwa sikio la popo. Angalia tu usiulaze sambamba na waya wa king'amuzi.