Kadi ya kugusisha maktabani: yale ninayorudia kila siku

Kwa miaka mingi kazi yangu katika maktaba ya chuo kimoja hapa Kisumu ilikuwa kugonga muhuri wa tarehe. Siku hizi muhuri umelala kwenye droo, nami nasimama kando ya mashine nikiwaelekeza wanafunzi wajiazimie vitabu wenyewe. Wananiita mwalimu, ingawa sijawahi kushika chaki.

Kabla ya yote, usiitoboe kadi. Muhula uliopita kijana mmoja alinijia analalamika. "Mwalimu, mashine imekataa kadi yangu, na ni mpya kabisa." Kumbe alikuwa ameipeleka Kondele itobolewe tundu la kupitisha kamba ya shingoni. Ndani ya ile plastiki mna waya mwembamba uliozungushwa mara kadhaa na kuunganishwa na chipu ndogo. Kadi haina betri. Nguvu ya kuiamsha hutoka kwenye kidude cha kusomea, na ni ule waya unaoipokea. Ukikatika, unabaki na picha yako tu. Ilibidi alipie kadi nyingine. Ukitaka kuivaa, nunua mfuko wa plastiki ambao tayari una tundu lake.

Ukifika kwenye mashine, toa kadi kwenye waleti. Najua ni uvivu, hata mimi huona uvivu. Lakini kadi nyingi za benki za siku hizi hutumia masafa yale yale ya megahezi 13.56, na zikibanana pamoja mashine inaweza kushindwa kujua isome ipi. Wala usiibandike nyuma ya simu, maana chuma cha ndani ya simu huyazuia mawimbi. Ilaze kadi juu ya alama, utulie mpaka usikie mlio. Hailazimiki kugusa kabisa, ila ikipita sentimita chache haisomeki. Wapo wanaoipunga juu juu kama wanaofukuza nzi, kisha wanasema mashine ni mbovu. Hakuna haja ya kuisugua pia.

Ikisomeka, weka namba yako ya siri. Kwetu kadi hutoa namba tu. Jina lako, vitabu ulivyochukua na faini zako viko kwenye kompyuta ya maktaba. Kwa hiyo kadi ikipotea, njoo useme siku hiyo hiyo tuifunge, wala usingoje umalize mitihani. Na mtandao ukikatika, hata kadi nzima haitakusaidia.

Sasa vitabu, na hapa ndipo penye vurugu. Ndani ya kila jalada tumebandika stika yenye chipu yake. Mashine inaweza kusoma vitabu kadhaa kwa mara moja, na stika hizo husomeka kwa mbali kuliko kadi. Kitabu cha jirani kikiwa karibu mno na sahani ya kusomea, kinaingia kwenye orodha yako. Binti mmoja wa uuguzi alikuja karibu kulia, anadaiwa kitabu cha uhasibu ambacho hajawahi kukifungua. Rafiki yake alikuwa ameegemea pale pale huku amekikumbatia. Basi hesabu: vitabu vitatu kwenye sahani, majina matatu kwenye skrini. Yasipolingana, ghairi uanze upya. Kompyuta yako iweke sakafuni au begani, chuma chake kinasumbua.

Ngoja skrini iseme umemaliza. Wakati huo mashine inazima alama ya ulinzi iliyo kwenye stika. Ukiondoka mapema, mlango utapiga kelele. Ukipiga, usikimbie! Hakuna anayekuita mwizi, rudi tu tukiangalie kitabu. Chukua na risiti, tarehe ya kurudisha iko humo.

Kurudisha ni rahisi zaidi: kitumbukize kitabu, subiri jina lake litokee. Ila usikiache juu ya mashine ukadhani kimerudi. Utakumbuka siku ya kusaini fomu ya kliarensi, gauni la mahafali umeshalipia, kumbe kuna kitabu kimoja bado kinasoma jina lako. Ndiyo sababu nawakataza pia kuazimana kadi. Rafiki anachukua kitabu, deni linabaki kwako.

Mchana wa mvua za radi za ziwani stima hupotea bila kuaga. Ikipotea ukiwa katikati ya kuazima, usiondoke na kitabu kwa kubahatisha. Njoo mezani, nitaandika namba ya kitabu na namba yako ya usajili kwenye daftari, nigonge muhuri. Stima ikirudi nitaingiza mwenyewe, na kesho yake uangalie akaunti yako kama kimeonekana.