Kabla hujamtoa hospitali mgonjwa wa kiharusi mwenye sukari, kaeni chini mpange haya

Ukishaambiwa mgonjwa wako anaruhusiwa kesho unaanza kupiga simu kwa ndugu, unatafuta gari, kila mtu anashukuru Mungu, na hapo ndo wengi tunapokosea. Kule wodini kulikuwa na faili. Kila dozi inaandikwa, imetolewa saa ngapi, nani katoa, presha ilikuwa ngapi, amekula amebakiza, na nesi anayetoka zamu anamkabidhi anayeingia. Nyumbani mnarudi na mfuko wa dawa na karatasi moja, faili linabaki kule kule. Kwahiyo kabla gari halijafika fanya haya, na usichague.

Dawa kwanza. Kaa na nesi muisome ile karatasi mpaka uielewe wewe mwenyewe, usikubali kuambiwa "imeandikwa humo". OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu. Alafu beba na zile alizokuwa anatumia kabla hajalazwa uulize ipi inaendelea na ipi inaachwa, maana unaweza kukuta mtu anameza dawa ile ile ya presha mara mbili kwa sababu maboksi yana majina tofauti ya kampuni. Zilizoachwa zisibaki ndani ya nyumba.

Vifaa: mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, mashine ya sukari, pampasi, glovu, mpira wa kutandika chini ya shuka, mito ya kutosha. Mashine ya sukari usinunue ya bei rahisi tu, uliza kwanza kama stripu zake zinapatikana duka la dawa la karibu yako, stripu za mashine moja haziingiliani na nyingine na zikiisha usiku umebaki na pambo.

Mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia. Kila ukimgeuza mwangalie juu ya makalio, nyonga, visigino, viwiko. Kwenye ngozi nyeusi ule wekundu wanaousema hauonekani vizuri, kwahiyo tumia mkono, ukigusa pana moto kuliko pembeni au pamekuwa pagumu ujue kidonda kinaanza, mwondoe uzito hapo na usipachue wala kupasugua. Na ule mkono uliolegea usimvute nao hata siku moja, bega linachomoka. Nguo unaanza kumvalisha upande mbovu, unamvua kuanzia upande mzima.

Kumeza sasa, hii omba nesi akuonyeshe kwa vitendo kabla hamjatoka. Mgonjwa akae wima kabisa, vijiko vidogo, ameze ndo uongeze, na akimaliza abaki amekaa kama nusu saa. Akianza kukohoa au sauti ikawa ya majimaji acha hapo hapo. Chakula kikiingia kwenye mapafu kinaleta nimonia, na wagonjwa wa kiharusi inawamaliza wengi kweli.

Sasa niseme la insulini, maana ndo lililonifanya niandike haya yote.

Mama alitoka hospitali upande wa kulia umelegea na maneno hayatoki, ana sukari ya miaka mingi, na wakampa insulini ile ya mchanganyiko ya kuchoma asubuhi na jioni kabla ya kula. Tukapanga kwa mdomo tu, kwamba atakayekuwepo atamchoma. Tulikuwa wengi, mimi, wifi yangu, mdogo wangu na dada wa kazi, na tukaona wingi wetu ndo usalama wake. Siku ya nne wifi akamchoma saa kumi na mbili jioni, akamlisha uji, mama akala vijiko vichache akagoma, wifi akapata simu ya msiba akaondoka. Mimi nikafika kutoka kazini saa mbili usiku. Nikamuuliza mama, umechomwa sindano? Akatikisa kichwa. Nikaelewa hapana. Dada wa kazi alikuwa nje anafua, sikumuuliza, nikavuta dozi nikachoma, nikajisikia nimefanya la maana.

Saa nane usiku nilienda kumgeuza nikakuta shuka limelowa chapachapa, mwili wa baridi, anakoroma mkoromo ambao sio wake, ukimwita hafumbui macho. Tukajua kiharusi kimerudi. Mdogo wangu anatafuta mafuta ya kumpaka, mimi nalia, na ni jirani yetu mmoja, mama mtu mzima ambaye ni nesi mstaafu, aliyesikia kelele akaja na kanga yake akauliza swali moja tu: mmepima sukari? Hatukuwa tumepima. Mashine ikasoma 1.9, sukari ilikuwa imeshuka mno kwa zile dozi mbili. Dada wa kazi alitaka kumpa maji ya sukari yule mama akamzuia, akasema hana fahamu huyu, mtamzamisha. Tukambeba kwenye bajaji mpaka hospitali, wakamwekea dripu ya glukosi, na baada ya muda akafumbua macho akaanza kuangalia huku na huku. Hawakumruhusu asubuhi ile kwa sababu insulini ya aina hiyo inaendelea kufanya kazi masaa mengi, sukari inaweza kupanda ikashuka tena.

Kilichoniuma baadae ni kuelewa kwamba mama hakunidanganya. Mtu ambaye kiharusi kimegusa usemi anaweza kusema ndiyo akimaanisha hapana, au swali lenyewe halimfikii vizuri. Nilikuwa namuuliza shahidi ambaye hawezi kutoa ushahidi, na sikuwa na pengine pa kuangalia.

Kwahiyo sikiliza. Nunua kauntabuku leo, isikae kabatini, ikae kwenye meza ya mgonjwa na kalamu imefungwa kwa uzi. Chora safu: tarehe na saa, sukari, presha, dawa aliyopewa na uniti ngapi, amekula kiasi gani, amegeuzwa upande gani, nani kafanya. Unaandika hapo hapo ukishamaliza, sio jioni kwa kukumbuka. Insulini iwe na mtu mmoja kwa zamu na jina lake liandikwe, sisi asubuhi ni wifi, jioni ni mimi, akikwama anapiga simu anamtaja atakayeshika nafasi yake. Kabla ya kuchoma unapima, unaangalia daftari, unahakikisha chakula kipo tayari mezani. Kama haijaandikwa na huna uhakika kama amechomwa, usichome, mpigie daktari au nesi aliyewaruhusu. Na umuulize daktari mapema, siku akigoma kula tufanyeje na dozi, akuandikie.

Sukari ikiwa chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L) na mgonjwa yuko macho anameza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji nusu kikombe, kama maji yanampalia mpe kijiko kikubwa cha asali kidogo kidogo, pima tena baada ya dakika 15, ikiwa bado rudia, ikipanda apate chakula. Asiye na fahamu usimwekee kitu mdomoni, kimbia hospitali. Na mgonjwa wa sukari akibadilika ghafla, awe amechanganyikiwa, anatoka jasho, ameongeza kulegea, pima sukari kabla hujaanza kubishana ni ugonjwa gani.

Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa iwe kwenye friji, sio kwenye friza, ikiganda tupa. Inayotumika inaweza kukaa nje kama wiki nne ikiwa mahali pa ubaridi, kwahiyo andika juu yake tarehe uliyofungua. Huna friji, tumia chungu: mchanga wenye maji kati ya chungu kikubwa na kidogo, kwenye kivuli. Na sindano zake hakikisha zimeandikwa U-100 kama chupa ni ya U-100, yaani uniti 100 kwa kila mililita.

Mengine ni ya kawaida ila yanaua pia. Usiache dawa ya presha kwa sababu leo imesoma vizuri, imesoma vizuri kwa sababu anameza. Wageni wasije na dawa zao za kuchemsha wakampa mkiwa jikoni. Mazoezi ya viungo aliyoonyeshwa yafanyike kila siku hata kama anakunja uso. Panga nani analala naye na nani anapumzika, maana anayemhudumia akichoka ndo anakosea dozi. Mdomo ukipinda zaidi, mkono mwingine ukilegea, homa, mkojo kutotoka, usisubiri asubuhi. Tafuta mapema dereva wa bajaji au teksi anayekubali kuamshwa usiku, ujue ni hospitali gani iliyo karibu inafungua masaa 24, na namba zao ziandike kwenye jalada la lile daftari na ubandike ukutani pia, zisiwe kwenye simu yako peke yake.