Jinsi ya Kusoma Majibu ya Vipimo vya Moyo Ukiambiwa Vali Imelegea

Mdogo wangu alirudi kutoka kliniki na karatasi ya majibu ya ECHO, kipimo cha kupiga picha moyo kwa mawimbi ya sauti, ambayo mwishoni iliandikwa herufi tatu, MVP, na kwa wiki tatu baada ya hapo hakupanda ngazi, hakubeba ndoo ya maji wala hakuthubutu kulalia ubavu wa kushoto, kwa sababu hakuna aliyemweleza maana ya herufi hizo. Alipoketi hatimaye mbele ya daktari bingwa wa moyo, ilibainika kwamba mstari wenye uzito zaidi ulikuwa juu kidogo ya huo uliomtisha, na ulikuwa na habari njema. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu aliye mahali alipokuwa yeye: karatasi anayo, hofu anayo, na daktari bado hajamwona. Hauchukui nafasi ya daktari, bali unakusaidia kufika kwake ukijua la kuuliza.

Anza kwa kuielewa vali yenyewe. Moyo una vyumba vinne, na vali ya mitrali iko upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu kinachopokea damu kutoka mapafuni na chumba cha chini kinachoisukuma kwenda mwilini. Ina vipande viwili vyembamba vinavyokutana katikati, mfano wa mlango wa kale wa Unguja wenye mbao mbili, na kila kipande kimeshikwa kwa nyuzi imara zilizofungwa kwenye misuli midogo ndani ya chumba cha chini. Chumba hicho kinapokaza, vipande hufunga ili damu isirudi nyuma, na nyuzi huvizuia visipinduke kwenda juu. Vali huitwa iliyolegea pale ambapo vipande vyake vimekuwa vipana na laini kupita kawaida, au nyuzi zake zimerefuka, kiasi kwamba moyo unapokaza, kipande kimoja au vyote viwili hutuna kuelekea chumba cha juu kama tanga linavyotuna kamba yake ikilegezwa. Herufi MVP ni kifupi cha jina la hali hiyo kwa Kiingereza.

Hali hii ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Inakadiriwa kuwapo kwa watu wawili hadi watatu katika kila mia, na wengi wao huishi hadi uzee bila kuhitaji tiba yoyote. Zamani idadi iliyotajwa ilikuwa kubwa zaidi, na sababu yake inafaa kujulikana. Pete inayoibeba vali hii si bapa kama sahani, bali imepinda kama tandiko la punda, na ikitazamwa kutoka pembe fulani, vali isiyo na kasoro yoyote huonekana kana kwamba imevuka mpaka wake. Jambo hilo lilipofahamika katika miaka ya 1980, vigezo vilikazwa: leo kipande cha vali hakihesabiwi kuwa kimelegea mpaka kivuke usawa wa pete kwa milimita 2 au zaidi, tena katika picha inayoukata moyo kwa urefu wake. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa daktari ni hili: kimevuka kwa milimita ngapi, na imeonekana katika picha ipi? Kama jibu lako ni la miaka mingi iliyopita na halikutaja kipimo chochote, una haki ya kuomba lirudiwe.

Vipimo vyenyewe havifanyi kazi moja, na kuvichanganya huleta hofu isiyo na msingi. Daktari huanza kwa kusikiliza kifua kwa stethoskopu. Vali iliyolegea hutoa kidoko kifupi katikati ya pigo, na ikiwa inavuja, kidoko hicho hufuatwa na mvumo. Ni John Barlow, daktari wa Johannesburg, aliyeonyesha mwaka 1963 kwamba sauti hizi, ambazo madaktari wengi waliziona kuwa zinatoka nje ya moyo, chanzo chake ni vali ya mitrali. Usishangae daktari akikuambia usimame, kisha uchutame: ukisimama, damu iliyo ndani ya moyo hupungua na kidoko husikika mapema zaidi, na ukichutama huchelewa, jambo linalomsaidia kuitofautisha sauti hii na nyingine.

ECG ni kipimo cha umeme wa moyo. Unabandikwa vinata kumi kifuani, mikononi na miguuni, na mashine huchora mapigo ya takribani sekunde 10. Haioni vali. Mtu anaweza kuwa na vali iliyolegea na ECG yake ikawa safi kabisa, na hakuna mgongano wowote kati ya majibu hayo mawili. Holta ni ECG ndogo unayoivaa kwa saa 24 au 48, na manufaa yake yanakutegemea wewe: kila unapohisi moyo umeruka au unakwenda mbio, andika saa na ulichokuwa ukifanya, kwa kuwa bila maandishi hayo daktari hataweza kulinganisha ulichohisi na kilichochorwa. Kipimo cha kutembea kwenye mashine ya mkanda hutolewa pale daktari anapotaka kuona moyo unavyostahimili kazi. Omba pia kupimwa wingi wa damu na homoni za tezi ya shingo, kwa maana upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi hufanya moyo kwenda mbio, na vyote viwili hutibika, lakini husahaulika mara tu vali inapotajwa.

ECHO ndiyo inayoiona vali, na ndiyo inayowatisha watu zaidi wakiwa bado kitandani. Utalazwa kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto ukiwa chini ya kichwa, upakwe jeli ya baridi, na mpimaji atabonyeza kifaa kati ya mbavu zako, pengine kwa nguvu inayouma kidogo, akikuambia mara kwa mara utoe pumzi na uizuie. Kinachotumika ni mawimbi ya sauti, si mionzi, kwa hiyo hata mjamzito hupimwa bila madhara. Kisha kioo hujaa rangi. Nyekundu ni damu inayokikaribia kifaa, buluu ni damu inayoondoka, na mchanganyiko wa rangi zinazometameta huonyesha damu inayopita kwa kasi. Wekundu hauna maana ya ugonjwa. Sauti ya kuvuma utakayoisikia, kama maji yanayopita kwenye mpira wa bustani, ni mashine inayogeuza kasi ya damu kuwa mlio. Na mpimaji akinyamaza, usimsome uso: mara nyingi si kazi yake kutoa majibu, na mtu anayehesabu milimita huwa kimya.

Karatasi ikitoka, isome kwa mpangilio huu, hata kama yenyewe imepangwa vingine. Tafuta kwanza kiasi cha kuvuja, ambacho huandikwa karibu na herufi MR. Neno "trivial" au "trace" ni mvujo mdogo mno unaopatikana hata kwa watu wengi wenye afya kamili. "Mild" ni mdogo. "Moderate" ni wa wastani. "Severe" ni mkubwa. Hapa ndipo uzito wa jambo zima ulipo. Vali iliyolegea bila kuvuja, au inayovuja kidogo, na vali iliyolegea inayovuja sana ni hali mbili tofauti zenye jina moja. Mvujo huhesabiwa kuwa mkubwa pale ambapo nusu au zaidi ya damu inayosukumwa na chumba cha chini inarudi nyuma, au mililita 60 na zaidi katika kila pigo.

Baada ya hapo tazama EF, yaani asilimia ya damu inayotolewa na chumba cha chini kila kinapokaza. Kwa kawaida huwa kati ya 55 na 70 hivi, na hakuna moyo unaotoa asilimia 100, kwa hiyo anayeona 62 asidhani amepoteza 38. Ila mvujo ukiwa mkubwa, hesabu hubadilika, kwa sababu moyo umepata njia rahisi ya kumimina damu nyuma na unapaswa kuonyesha asilimia ya juu. Hapo EF ya 60 au chini yake tayari ni dalili kwamba misuli inachoka. Kipimo cha tatu ni upana wa chumba cha chini baada ya kukaza: ukifika milimita 40 kwa mtu mwenye mvujo mkubwa, madaktari huanza kuzungumzia upasuaji hata kama mgonjwa hajihisi vibaya.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna swali ambalo halipaswi kukosekana, nami nalitilia mkazo kuliko mengine yote: je, vali yangu imelegea tu, au imeharibiwa na homa ya rumatiki? Homa hiyo hufuata maambukizi ya koo ya utotoni yaliyosababishwa na bakteria wa streptokokasi na hayakutibiwa. Vali iliyoumizwa nayo kwa kawaida huwa nene, ngumu, na kingo zake zinaweza kushikamana, na mgonjwa huhitaji sindano za penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Vali iliyolegea kwa asili haihitaji sindano hizo. Kuzichanganya hali hizi ni hatari pande zote mbili, na karatasi isiposema waziwazi, tafuta maoni ya pili mahali penye mabingwa wa moyo, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, au Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala.

Hofu nyingine hupungua zikitazamwa moja moja. Maumivu ya kifua ya kuchoma, uchovu na wasiwasi viliwahi kuhusishwa sana na vali hii, lakini utafiti wa Framingham, Marekani, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuta kwamba maumivu ya kifua na kukosa pumzi havikuwa vingi zaidi kwa wenye hali hii kuliko kwa wasio nayo. Unachohisi ni cha kweli, lakini chanzo chake kinaweza kuwa kahawa nyingi, vinywaji vya kuongeza nguvu, kukosa usingizi au upungufu wa maji. Dawa za antibayotiki kabla ya kung'olewa jino hazipendekezwi tena kwa vali iliyolegea peke yake; miongozo ya Marekani iliziondoa mwaka 2007, ingawa kutunza meno na fizi kunabaki kuwa kinga. Mwenye mvujo mdogo na mapigo yasiyo na kasoro anaweza kulima, kucheza mpira na kubeba ndoo yake. Wajawazito wengi huvuka salama, mradi mkunga na daktari wajulishwe mapema.

Zipo dalili zisizongoja miadi. Kuzimia, hasa wakati wa kazi au mazoezi. Kukosa pumzi ukilala chali au kuamka usiku ukihema. Kukosa pumzi kwa ghafla, ambako kunaweza kumaanisha uzi wa vali umekatika. Mapigo yasiyo na mpangilio yanayodumu. Na homa ya siku nyingi isiyo na sababu. Ukiona mojawapo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwambie daktari pia kama katika ukoo wenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana. Vifo vya ghafla kutokana na vali hii ni nadra, lakini hatari hiyo ni moja ya sababu za kuvalishwa holta: kutafuta mapigo ya ziada yanayotoka chumba cha chini.

Usiondoke kwa daktari bila tarehe ya kipimo kijacho. Kwa mvujo mdogo, ECHO hurudiwa kila baada ya miaka 3 hadi 5. Kwa wa wastani, mwaka 1 hadi 2. Kwa mkubwa, miezi 6 hadi 12. Upasuaji ukihitajika, uliza kwanza kama vali inaweza kukarabatiwa, kwa sababu anayewekewa vali ya chuma hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Omba nakala ya kila karatasi na picha zake, na inapowezekana pimwa mahali palepale, kwa kuwa kinachomwongoza daktari ni namna vipimo hivyo vinavyobadilika mwaka hadi mwaka. Mdogo wangu anazo zake nne ndani ya bahasha ya kaki, na juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu mwezi wa kurudi.