Reli ndogo ya bustanini: jinsi ya kuendesha treni mkiwa watu wengi

Treni moja ikizunguka bustani peke yake haihitaji utaratibu wowote. Ikiingia ya pili kwenye njia ileile, kisha ya tatu, kila moja na dereva wake, bila mpango mtatumia muda mwingi mkisimama kuliko mkienda. Maelezo haya ni ya reli ya upana wa milimita 45 kati ya reli na reli, njia moja iliyozunguka, yenye stesheni tatu za kupishania (penye njia mbili, treni moja isubiri nyingine ipite) na yadi moja ya kupangia mabehewa. Mkiwa na zaidi au pungufu, hesabu ni zilezile.

Urefu wa treni kwanza

Njia ya kupishania iliyo fupi kuliko zote ndiyo inayotunga sheria kwa reli nzima. Ipimeni kati ya alama mbili za usalama, si kati ya pointi (mahali njia inapogawanyika) na pointi. Alama ya usalama ni mahali ambapo mistari ya katikati ya njia mbili imeachana angalau sentimita 17. Behewa likisimama kabla ya hapo, treni inayopita italikwangua ubavuni. Pakeni rangi nyeupe kwenye taruma (kipande kinacholazwa chini ya reli) la mahali hapo ili kila dereva alione akiwa amesimama wima.

Kichwa cha treni cha sentimita 55, mabehewa sita ya sentimita 45 na behewa la gadi la sentimita 40 hufanya mita 3.65. Viunganishi vikivutika urefu unaongezeka kidogo, kwa hiyo mita 4 kati ya alama na alama zinatosha treni hiyo na si zaidi. Mgeni akija na mabehewa kumi, manne yabaki yadi. Msimwonee haya: treni isiyotosha kwenye njia ya kupishania haiwezi kupishwa na yeyote, na kuirudisha nyuma kutawasimamisha wote.

Idadi ya treni zinazotembea isizidi idadi ya stesheni za kupishania. Stesheni tatu, treni tatu, na kichwa cha nne kikae yadini kikipanga mabehewa. Kwa watu wanane mgawanyo unakuwa rahisi: kila treni ina dereva na gadi, mmoja anashika yadi, na mmoja ndiye mwongozaji wa njia nzima.

Njia yenyewe

Kagueni njia siku moja kabla, si asubuhi ya siku ya treni. Kipimo kizuri kuliko vyote ni kuchukua treni ndefu na kuisukuma kinyumenyume polepole kuzunguka njia nzima. Treni inayovutwa husamehe makosa mengi. Inayosukumwa huacha njia pale pale penye kasoro.

Wekeni pimamaji dogo likiwa limelalia reli zote mbili, kila baada ya nusu mita kwenye kona na kwenye miingilio ya pointi. Reli moja kuwa chini kidogo kwa urefu wote si tatizo kubwa. Tatizo ni njia iliyojipinda, upande wa kushoto uko chini hapa, na nusu mita mbele ni wa kulia. Behewa lenye ekseli mbili na fremu ngumu litainua gurudumu moja hewani, na ukingo wa gurudumu utapanda juu ya reli. Dawa yake ni kuinua mataruma, kusukumia kokoto chini yake kwa kijiti bapa, na kupima tena.

Kokoto ziwe za kupasuliwa, milimita 3 hadi 6, zikiwa na vumbi lake. Vipande vyenye kona hushikana. Changarawe ya mviringo hubingirika na njia hutembea kila mvua ikinyesha. Msiifunge njia kwenye zege kwa skrubu kila taruma. Reli ya shaba nyeupe ya urefu wa mita 10 hurefuka karibu milimita 6 joto likipanda kwa nyuzi 30, na reli iliyo juani hupata joto kuliko hewa inayoizunguka. Isipopata pa kwenda, itajikunja pembeni.

Mwinuko wa asilimia 2, yaani sentimita 2 kwa kila mita, hautawasumbua. Asilimia 4 inapitika, lakini ikiambatana na kona ya nusu kipenyo cha sentimita 60 vichwa vidogo vitateleza, na mtalazimika kupunguza mabehewa kwa ajili ya mahali hapo pamoja tu. Dereva wa treni inayopanda ndiye apewe kipaumbele cha kutosimamishwa.

Mizigo ya wageni: hapa ndipo siku huharibikia

Reli ya milimita 45 hubeba treni za vipimo vingi tofauti: 1:32 (yaani ndogo mara 32 kuliko ya kweli), 1:29, 1:22.5, hata 1:20.3. Magurudumu yatakaa sawa juu ya reli moja, lakini miili haifanani kabisa. Tengenezeni lango la kadibodi ngumu lenye upana wa sentimita 18 na kimo cha sentimita 25 kutoka juu ya reli, mlipitishe penye mahandaki, madaraja na matawi yaliyoinama. Kwenye kona mwongeze nafasi, kwa kuwa behewa refu hutoa tumbo kwa ndani na pembe kwa nje. Pasipopita lango, wageni waambiwe kabla hawajapakia vitu vyao.

Mezani pa kupokelea muwe na kalipa (kifaa cha kupimia milimita), kipande cha reli, bisibisi ndogo na mafuta mepesi. Kila behewa likaguliwe hivi kabla ya kugusa njia:

1. Nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja: karibu milimita 40. Ikiwa 39 au chini ya hapo, gurudumu litabana kwenye pointi na kuruka. Ekseli nyingi hurekebishwa kwa kuzungusha na kuvuta gurudumu kwa mkono, mkipima pande tatu ili kujua kama gurudumu limeyumba.
2. Ekseli izunguke kwa kupulizwa au kuguswa kidogo. Inayokwama iwekwe tone moja la mafuta kila ncha, lisizidi. Mafuta ya ziada hukusanya vumbi.
3. Kimo cha viunganishi kilingane na cha behewa la mfano mlilolichagua. Tofauti ya milimita 3 tu itaachanisha treni juu ya kila kilima.
4. Uzito. Behewa tupu na jepesi likiwa nyuma tu ya kichwa, huku mazito yakivuta nyuma, litalazwa ndani ya kona. Jepesi liende mwisho, au liongezwe chuma sakafuni.

Kuna viunganishi vya ndoano na pete, na kuna vya taya. Haviungani. Badala ya kulazimisha wote wabadilishe, muwe na mabehewa mawili ya daraja, kila moja likiwa na aina moja mbele na nyingine nyuma. Behewa lililoshindwa ukaguzi lifungwe utepe mwekundu na libaki mezani. Mwenyewe atanuna dakika tano, halafu atasahau.

Umeme, betri na mvuke

Betri ndani ya kichwa au behewa la nyuma yake, ikiongozwa kwa rimoti, ndiyo njia yenye amani zaidi mkiwa wengi. Haijali reli chafu, na kila mmoja huja na chake. Pakiti ya seli nne za lithiamu ina volti 14.8, ikijaa hufika 16.8, na isishushwe chini ya 12. Kichwa kinachotumia ampea 1.5 kitakaa saa tatu na zaidi kwa pakiti ya ampea-saa 5. Fyuzi ya ampea 5 iwe karibu kabisa na betri. Chaja iwe ya lithiamu yenye kusawazisha seli, iwekwe kivulini, na mtu awepo karibu.

Mkitumia umeme wa relini kwa mfumo wa kidijiti, kuna mtego mmoja wa kawaida: vichwa vipya hutoka kiwandani na anwani (namba ambayo rimoti hukiitia kichwa) namba 3. Wageni wawili wakiweka vyao bila kubadilisha, mmoja akibonyeza kwenda, vyote viwili vinaondoka. Ubao wa anwani uandikwe mapema, kila kichwa na namba yake, na hakuna kinachowekwa njiani bila kuandikwa. Waya wa kulisha reli uwe wa milimita za mraba 2.5. Kwa umbali wa mita 20, kwenda na kurudi, ukibeba ampea 5 hupoteza takriban volti 1.4, wa milimita 1.5 hupoteza zaidi ya 2, na kichwa kitachoka upande wa mbali wa bustani. Transfoma ibaki ndani penye ukavu, kwenye soketi yenye kinga ya umeme unaovuja. Nje utoke umeme mdogo tu.

Vichwa vya mvuke halisi vipewe saa yao peke yake, mwishoni. Vingi magurudumu yake hayajatenganishwa kiumeme, kwa hiyo umeme wa relini uzimwe, la sivyo reli zitapiga shoti. Pia hudondosha mafuta, na vichwa vya umeme vitakavyopita baadaye vitateleza. Gesi ijazwe mbali na kichwa chochote kinachowaka, boila ijazwe maji yaliyosafishwa, na ndoo ya maji na kizimamoto viwe hatua chache kutoka hapo.

Nani anaingia njiani

Reli kubwa za njia moja zilitatua jambo hili zamani kwa kutumia kijiti cha ruhusa, na bustanini hakuna kilicho rahisi zaidi. Kila kipande cha njia kati ya stesheni na stesheni kina kijiti kimoja cha rangi yake. Mwenye kijiti ndiye anayeingia. Asiye nacho anasubiri, hata kama anaona njia nyeupe mpaka mwisho. Akifika anakikabidhi kwa treni ya upande wa pili au anakitundika kwenye msumari wa stesheni. Kijiti kikibaki upande usiotakiwa, mwongozaji hukibeba mwenyewe kwa miguu baada ya kuhakikisha njia ni tupu. Redio za mkononi zinafaa kwa mazungumzo, ila ruhusa isitolewe kwa maneno. Upepo ukivuma, "subiri" na "ingia" husikika visivyo.

Mwongozaji ana jambo moja la kulichunga kuliko yote. Mkiwa na treni nne au zaidi, asiruhusu treni mbili zinazoelekea upande mmoja zijaze njia zote mbili za stesheni, huku nyingine mbili za kinyume zikijaza stesheni inayofuata. Hapo hakuna wa kusogea, na mtainua treni kwa mikono.

Mwendo uwe wa polepole. Kwa kipimo cha 1:22.5, kilomita 30 kwa saa za treni ya kweli ni mita moja kwa sekunde tatu hivi. Dereva anatembea kando ya treni yake bila kuharakisha. Akianza kukaza mwendo, treni inakimbia mno.

Kazi ya kufanya

Kuzunguka tu kunachosha baada ya muda. Kila behewa lipewe kadi yenye namba, rangi na aina yake, na ndani ya kadi iingizwe karatasi ndogo inayosema liende wapi: matofali stesheni ya pili, tangi tupu lirudi yadi. Kila stesheni iwe na kisanduku cha kadi chenye mfuniko. Gadi hushika za treni yake kwa kibanio cha nguo, maana kadi iliyopeperuka ni behewa lisilojulikana linakokwenda.

Hesabuni nafasi za mabehewa kwenye njia zote za kando. Kama ni 24, wekeni mabehewa 14 hadi 16. Zikijaa kabisa, gadi hana pa kuweka behewa analolitoa ili afikie lililo nyuma yake. Treni iache mabehewa mawili au matatu kila stesheni na kuchukua idadi hiyohiyo. Kwa wasiozoea, kazi hiyo hula dakika 10 hadi 15. Ndiyo sababu saa ya mfano inayokimbia haraka kuliko saa ya kweli, ambayo wengine huipenda, haifai sana hapa: mikono ya watu haikimbii nayo. Tumieni mpangilio wa zamu na si ratiba ya dakika.

Treni ikiacha njia

Dereva anasimamisha, anamwambia mwongozaji, na kijiti kinabaki mkononi mwake mpaka amalize. Kichwa kinyanyuliwe kwa kushika fremu, si paa wala mabomba.

Kisha tafuteni mwenye kosa. Behewa lilelile likiacha njia mahali mbalimbali, kosa ni la behewa: utepe mwekundu, litolewe. Mabehewa tofauti yakianguka mahali pamoja, kosa ni la njia. Angalieni kwanza ulimi wa pointi, kwa kuwa punje moja ya kokoto kati ya ulimi na reli inatosha kuufanya usifunge. Kila gadi awe na brashi ndogo mfukoni. Ikiwa pointi ni safi, tafuteni kiungio kilicholegea au ncha ya reli iliyopanda juu ya mwenzake.

Kichwa cha rimoti kikipoteza mawasiliano kinapaswa kusimama chenyewe. Lijaribuni hilo kabla ya kuanza, kwa kuzima rimoti kikiwa kinatembea, na wote waonyeshwe swichi ya kila kichwa ilipo.

Mkimaliza, betri zitolewe kabla ya vichwa kufungashwa, vijiti vihesabiwe, na mabehewa ya utepe mwekundu yarudishwe kwa wenyewe na tatizo likiwa limeandikwa kwenye utepe. Mahali palipoangusha treni zaidi ya moja pachomekwe kijiti chenye rangi ardhini, parekebishwe kesho yake kabla mvua haijapafuta.