Kabla hujampokea mtoto ambaye kelele na kuguswa vinamzidi

Shule zinafunguliwa Jumatatu na umeshaambiwa darasani kwako anakuja mtoto ambaye kelele, mwanga au kuguswa vinamzidi, basi usisubiri afike ndo uanze kuhangaika. Ongea na mzazi kwanza, ila usimuulize "ana shida gani", uliza vitu vidogo vidogo: anakataa nguo gani, chakula gani kinamtapisha, akizidiwa anafanyaje na nini humtuliza, maana mama mtu anajua mambo ambayo karatasi ya hospitali haina. Uliza pia kama masikio na macho yameshapimwa, hii watu wanairuka sana.

Halafu nenda kakae kwenye hilo darasa peke yako. Hapo ndo kwenye kazi. Mvua ikipiga kwenye bati hamsikilizani, madawati yanaburuzwa kwenye sakafu ya simenti, na ile rimu ya gari mnayogonga kama kengele imening'inizwa karibu kabisa na dirisha. Mvua huiwezi, ila kengele unaweza kumtonya dakika moja kabla haijagongwa, au rimu ihamishwe tu, na madawati yabebwe. Yeye akae mbele pembeni, upande wa ukutani, mbali na mlango, sio katikati ya dawati la watatu wanasuguana viwiko. Sweta la sare likimwasha, lebo ikatwe au avae fulana laini kwa ndani, na mwalimu wa zamu ajue mapema asije akamchapa getini kwa sababu ya sweta.

Ila sio wote wanaokimbia kelele na kuguswa. Wapo wanaovitafuta, anagonga dawati, anatafuna kola, hatulii hata kidogo, na huyu mara nyingi anaitwa mtundu wakati mwili wake unatafuta msukumo kwenye misuli. Mpe kazi za nguvu kidogo, abebe madaftari mpaka ofisini, afute ubao, apange madawati. Na usimnyime mapumziko kama adhabu, utajiletea balaa kipindi kinachofuata.

Kubalianeni ishara, mfano akilaza daftari kifudifudi ujue anataka kutoka kidogo, sehemu ya kwenda ijulikane, iwe chini ya mwembe au stoo ya vitabu, na muda wa kurudi pia. Usimshtukize kwa kumgusa kutokea nyuma, na wengine ukiwapapasa kidogo tu ndo unawavuruga kabisa (kushikwa vizuri mkono wanavumilia), kwa hiyo hili nalo uliza nyumbani. Wenzake darasani waambie kwa kifupi kwa nini anafanyiwa hivyo. Walimu wengine wanaoingia darasa hilo, hasa wa michezo, wapewe haya yote kabla ya Jumatatu.