Somo: Mkivutana juu ya badiliko la msimbo, fuateni hatua hizi

Salamu wadau kutoka Mbeya. Somo hili ni kwa wote mnaoandika kwa kushirikiana programu huria, yaani zile ambazo msimbo (maelekezo yanayoandikiwa kompyuta) uko wazi kwa wote, hasa vijana wa Nyanda za Juu Kusini mnaoshika mradi mmoja huku mmoja yuko Iyunga, mwingine Iringa. Mabishano ya msimbo yanaua miradi mizuri, na inauma kwa sababu mengi yanatatulika.

Mfano nitakaoutumia ni programu ya kurekodi mauzo ya viazi. Ndani yake kuna mstari `KILO_KWA_GUNIA = 100`. Mmoja anataka ufutwe, uandikwe uzito wa mizani, maana lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, ipo na kila aliyefika sokoni Uyole ameiona. Mwenzake anagoma: ripoti za misimu iliyopita zitavurugika.

Hatua ya 1. Tawi kuu, yaani nakala rasmi ya msimbo mnayoitegemea wote, lisiguswe. Ombi la kuunganisha (pull request), ambalo mtu huleta badiliko lake likaguliwe kabla ya kuingizwa, libaki wazi, na anayelipinga asilifunge kwa hasira.

Hatua ya 2. Ulizeni historia kwenye Git, chombo kinachotunza kila badiliko la msimbo. `git blame` itawaonyesha nani aliugusa mstari huo mara ya mwisho na lini; `git log` ina maelezo aliyoyaacha. Mia moja hiyo haikuokotwa: ndio ukomo wa uzito wa gunia ambao Wakala wa Vipimo wanausimamia. Aliyeiandika alifuata sheria, ila wanunuzi wengi hawaifuati. Mkilijua hilo, hakuna tena wa kuitwa mjinga.

Hatua ya 3. Kila upande uandike jaribio, yaani msimbo mfupi unaokagua kama programu inatoa jibu linalotakiwa. Hapa ndipo penye kazi, msiparuke. Anayetaka badiliko aandike hivi: mkulima ameuza magunia 10, mizani imesoma kilo 1,240, bei tuseme shilingi 600 kwa kilo. Programu ya sasa inahesabu kila gunia kilo 100, hivyo inatoa 600,000. Jibu sahihi ni 744,000. Hizo 144,000 za tofauti ni jasho la mtu, na jaribio linafeli mbele ya macho ya wote.

Anayepinga naye aandike la kwake: mauzo ya zamani yasiyo na uzito wa mizani, ripoti yake ibaki na jumla ileile. Sasa endesheni yote mawili. Mtagundua hayapingani hata kidogo. Mnachohitaji ni safu mpya ya uzito halisi inayoruhusiwa kuwa tupu. Ikiwa na namba, itumike. Ikiwa tupu, programu irudi kwenye 100 na ripoti iandike "makadirio". Mabishano mengi niliyoyashuhudia yalikuwa hivi: watu wawili wanalinda vitu viwili tofauti, wote wana haki.

Hatua ya 4. Pasueni badiliko. Kama aliyerekebisha hesabu amepanga upya na nafasi tupu kati ya maneno na mistari ya faili zima, mkaguzi haoni kilichobadilika kwenye hesabu. `git diff -w` inaficha tofauti za nafasi, lakini heshima ni kuleta maombi mawili: moja la hesabu, moja la nafasi.

Hatua ya 5. Jueni nani ana neno la mwisho, na iandikwe kabla ya ugomvi. Mwaka 2018 Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha ya programu ya Python, alipitisha alama mpya ya lugha hiyo, `:=`, baada ya mabishano makali. Upande wake ulishinda, lakini alichoka na kuachia uongozi mwezi huohuo wa Julai. Tangu 2019 lugha hiyo inaongozwa na baraza la watu watano wanaopigiwa kura. Hata mradi wa watu wanne unaweza kuandika: tukishindwa kuelewana, fulani anaamua.

Hatua ya 6. Kutengana ni njia ya mwisho. Leseni huria inaruhusu uchukue nakala uende zako. Wapo waliorudiana: mradi wa io.js ulijitenga na Node.js, chombo cha kuendesha programu za JavaScript, mwishoni mwa 2014, mwaka 2015 zikaungana tena. LibreOffice, programu za kazi za ofisini, ilitoka OpenOffice mwaka 2010 na haijarudi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Iringa: Mkuu, mimi nimeshaunganisha na mwenzangu amekasirika. Nifute tu historia?

Jibu: Hapana, usisukume kwa nguvu (`git push --force`) historia uliyoifuta kwenye tawi kuu, utavuruga nakala za wenzako. Tumia `git revert`. Inaongeza badiliko jipya linalotengua lile la kwanza, na kumbukumbu yote inabaki. Kisha anzeni hatua ya 2.

Mwanachama, Njombe: Mwalimu, shikamoo. Msimamizi wetu ni mtu mzima, alinifundisha kazi. Nikimpinga mbele ya watu si nitaonekana sina adabu?

Jibu: Marahaba. Mpigie simu kwanza, msikilize mpaka amalize. Ila mkikubaliana, andika muhtasari kwenye ombi lenyewe ili wasiokuwepo waelewe. Na katika maandishi usiseme "mzee umekosea". Sema "jaribio hili linafeli kwa kilo 1,240". Mzee mwenye kuipenda kazi yake ataliangalia jaribio.

Mwanachama, Tukuyu: Huku mnunuzi anafuata viazi shambani, mizani hana. Tujaze uzito gani?

Jibu: Msijaze, ndugu yangu. Iacheni safu tupu, ripoti iseme makadirio, na idadi ya magunia iandikwe kama ilivyo. Mkianza kubuni 120 kwa kila lumbesa, msimu ujao hakuna atakayejua kipi kilipimwa na kipi kilikisiwa.