Kuchora jahazi kwa rangi ya baiskeli

Mimi ni fundi baiskeli, Ngamiani, Tanga. Kuchora nimeanza ukubwani, nikiwa na miaka 41, kwa sababu ya kopo la rangi ya buluu lililobaki baada ya kupaka fremu ya mteja mmoja ambaye hakurudi tena. Baiskeli yake ipo hadi leo, nimeining'iniza. Rangi iliisha zamani. Tangu hapo nimechora picha kama 30, nyingi ziko kwa mashemeji, na kila anayeziona huniuliza naanzaje. Naanza hivi.

Nunua hadibodi, ule ubao mwembamba wa kiwandani. Nzima ina futi 4 kwa 8. Mwambie seremala akukatie vipande vya futi 2 kwa 2, utapata 8 na hakibaki kitu. Upande mmoja ni laini, wa pili una alama kama gunia. Utachora upande laini, lakini uparuze kwanza kwa msasa ili rangi ipate pa kushika. Futa vumbi, paka rangi nyeupe ya kwanza mara mbili, kisha geuza upake na nyuma mara moja. Hapo kwenye nyuma ndipo wengi hufanya uvivu. Hadibodi ikinywa unyevu upande mmoja hupinda kama sinia, na huku kwetu unyevu hatuutafuti, unatufuata ndani.

Rangi yangu ni ileile ya fremu. Si ubahili tu. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kule Oysterbay, Dar es Salaam, naye alitumia rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, na kabla ya Dar alipita huku Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Ila mimi wanyama wake siwawezi. Simba sijawahi kumwona, nitamchoraje? Nilivyoviona ni baiskeli, mkonge na vyombo vya baharini. Makopo matano yanatosha: nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano na buluu. Ongeza tina ya kulainishia na matambara ya kufutia. Chorea barazani, maana ukijifungia chumbani na harufu ile utaamka na kichwa kinagonga.

Mbingu ndiyo ya kwanza, na haitaki kusimama katikati. Buluu juu, nyeupe chini, na zote zikiwa bado mbichi pitisha brashi pana iliyo kavu, kulia kushoto, ukishuka taratibu mpaka usione zilipokutania. Rangi hii huanza kushika mapema. Ukienda kupokea simu, ukirudi brashi itaacha mistari kama ya jembe. Ukimaliza, iache mpaka kesho. Gusa pembeni kwa kidole. Kama kidole kinanata, kaendelee na baiskeli za watu.

Sasa chombo chenyewe. Jahazi langu la kwanza nililichora kwa kukumbuka tu, nikalipeleka kwa majivuno soko la samaki la Deep Sea kumwonyesha mzee mmoja ninayemtengenezea baiskeli. Aliitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mwanangu, hili linakwenda wapi?"

"Linakwenda Pemba, mzee."

"Haliendi. Mlingoti umeusimamisha kama nguzo ya umeme."

Akanishika mkono tukaenda hadi ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vimelala ubavu kwenye tope. Akanionyesha: mlingoti hulalia mbele, kuelekea omo. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, huning'inia kwa mshazari, ncha ya mbele iko chini karibu na omo, ya nyuma imepanda juu. Tanga halikatwi kama pembetatu ya shuleni. Likijaa upepo linatuna tumbo, na viraka vyake havifanani rangi. Nilikaa pale hadi maji yakaanza kujaa, nachora kwa kalamu ya risasi nyuma ya boksi la tairi. Boksi lile ninalo bado na ndilo ninaloigia kila jahazi. Kwa hiyo na wewe, kabla hujagusa brashi, nenda ukakitazame hicho chombo maji yakiwa yamekupwa, ukione hadi mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo.

Mchoro uhamishie kwenye hadibodi kwa chaki, maana ukikosea unafuta kwa tambara. Paka kwanza umbo zima kwa rangi moja, subiri likauke, ndipo uingie na brashi nyembamba kwenye mbao, kamba na viraka. Kuna picha niliharakisha, nikaianika uani ikiwa mbichi, kuku wa jirani akapita juu yake kwenye pwani niliyokwisha ipaka mchanga. Nilitaka kulia. Nikaacha. Leo kila mtu huzisifia zile nyayo, akidhani ni za kulasitara, yule ndege wa majini.

Mkonge nao una mtego wake: ukiupaka kijani utapata mananasi. Anza na nyeupe nyingi, tia buluu, tone la njano, na nyeusi ya kuchovya ncha ya kijiti tu, mpaka upate rangi kama ya moshi. Jani moja ni pigo moja la brashi, kutoka shinani kwenda nchani, halafu mwiba mweusi. Picha yangu kubwa ya mkonge ina miche 62, hesabu ukipenda. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge uliotoka Mexico, ikapitia Florida na Ujerumani, na iliyofika hai ilikuwa 62. Nilipoisikia habari hiyo sikulala. Mashamba yote yale niliyokuwa nikiyapita dirishani mwa basi nikienda Muheza, asili yake ni miche inayoweza kuenea uani kwetu!

Niliimaliza kwa wiki tatu nikampelekea mama, ambaye ujanani alianika katani, zile nyuzi za mkonge. Akavaa miwani.

"Baba, shamba lote hili watu wamekwenda wapi?"

Nikairudisha. Nikaongeza nyaya za kuanikia upande wa kulia, katani nyeupe inayoelekea manjano, na wanawake watatu kanga wamezifunga kiunoni. Safari hii alicheka, akasema yule wa katikati ni yeye, lakini yeye kanga nyekundu hakuwa nayo. Nimeibadilisha mara mbili. Ya kwanza akasema ni ya shangazi, ya pili akasema rangi imekaa vizuri ila pindo silo. Sasa ni masika, rangi haikauki, picha nimeigeuzia ukutani nangoja mvua zikatike.